Mwaro Dabaso wa Kituo cha Pili (1968–2025)

Marehemu Mwaro Dabaso alizaliwa Kulesa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Dabaso Kalama.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akaingia sekondari mwaka 1983. Huko mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliwafundisha besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatujauelewa hadi leo. Marehemu alisimama kituo cha pili; rafiki yake Roba Guyo, Muorma wa Minjila, kituo cha kwanza. Uwanja wenyewe ulikuwa udongo mweusi uliopasuka. Mpira ulidunda ulivyotaka, na Marehemu akazoea kuuzuia kwa kifua.

Mwaka 1989 wote wawili waliajiriwa na klabu moja ya Nairobi. Kwa miaka minane Marehemu aliokota mpira na kuutupa kituo cha kwanza bila kutazama, kwa kuwa alijua Roba yupo. Goti lilipogoma, alirudi kulima, na Roba akarudi kufuga.

Alifunga ndoa na Bi. Kadii tarehe 5 Desemba 1998. Siku hiyo alirusha ndimu nyuma yake bila kugeuka, mbele ya wakwe, na Roba akaidaka.

Mwaka 2014, mafuriko yalipopungua, Marehemu alipanda mahindi juu ya malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, akidhani imeachwa. Kiangazi kilipofika, ng'ombe wa Roba waliifuata njia yao, shamba likaisha. Marehemu akamshtaki Roba kwa wazee, ingawa sasa alijua kosa ni lake. Kwa miaka kumi na mmoja walipishana sokoni Garsen bila salamu. Ilituchosha sote, na yeye zaidi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mara mbili kwa wiki alikwenda Malindi kusafishwa damu, na safari zile zilimmaliza nguvu. Aprili mwaka huu aliagiza Roba aitwe.

"Njia ilikuwa yenu," alimwambia. "Mimi ndiye niliyeipanda mahindi."

"Mimi najua," Roba akajibu. "Nangoja wewe useme tu."

Tangu hapo Roba ndiye aliyempeleka Malindi. Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, njiani kurudi nyumbani, kichwa kikiwa begani mwa Roba.

Ameacha mjane, Bi. Kadii; watoto wanne; wajukuu watatu; dada mmoja; na, kama alivyoagiza iandikwe hapa pamoja na ndugu zake, Roba Guyo wa kituo cha kwanza.

Alikuwa amechoka. Mungu ampumzishe kwa amani.