Ezra Ryoba, Mfuata Nyayo Ndani ya Chembe Hai (1966–2025)

Ezra Ryoba alizaliwa Nyanungu, Tarime, tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa mfugaji Ryoba Waitara. Akiwa na miaka tisa alifuata nyayo za mtamba aliyepotea, siku mbili nzima, akarudi naye. Baba yake hakumsifu. Aliuliza tu, "Alilala wapi?" Swali hilo halikumtoka Ezra maisha yake yote.

Alimaliza shule ya msingi Nyanungu mwaka 1981, akasoma sekondari Musoma, kisha biokemia Dar es Salaam hadi 1992. Tarehe 8 Januari 1994 alifunga ndoa na Wegesa wa Nyamwaga.

Kazi yake katika maabara moja ya Mwanza ilikuwa ileile ya kumfuata mtamba. Alifuatilia lakteti, kitu kinachotengenezwa mwili unapovunja sukari, ajue inakaa wapi ndani ya chembe hai ya binadamu na inahamia wapi. Chembe zilitiwa kitu kinachong'aa kikikutana na lakteti, naye akakaa kwenye hadubini akitazama mwanga ukitembea. Mwaka 2023 alitoa ngozi ya mkono wake wa kushoto, kipande kama punje ya ulezi, chembe zake zikakuzwa maabara. Nyumbani walimtania, "Baba, sasa wewe uko wapi?"

"Mimi nipo hapa nakunywa uji. Yule wa Mwanza yuko kazini, wala hadai nauli!"

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alifariki hospitalini Tarime, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tisa alasiri. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Imelala wapi?" Saa hiyohiyo, Mwanza, mwenzake Osward aliona mwanga wote katika chembe za Ezra umejikusanya upande mmoja. Umeme haukuwa umekatika. Jioni mwanga ulitawanyika tena.

Habari hiyo ilisimamisha mazishi siku mbili.

"Mtu hazikwi nusu," alisema kaka yake, Mzee Felix. "Zife kwanza, ziletwe."

Wegesa alipiga simu, sauti ikasikika kwa wote. "Osward, leo zimekula?"

"Zimekula, mama. Saa moja asubuhi."

Wegesa akamgeukia Mzee Felix. "Sasa shemeji, nizike kinachokula?"

Mzee Felix aliutazama mkono wake mwenyewe wa kushoto. Kisha akasema kaburi lichimbwe.

Ezra ameacha mjane, kaka, watoto wawili, Godwin na Lilian, na chembe zake zilizoko Mwanza. Baba yake angeuliza amelala wapi. Amelala Nyanungu, isipokuwa ile sehemu yake ambayo bado haijalala. Zote mbili zipate amani.