Jina Ubavuni mwa Kisu

Mgeni rasmi, Bwana Kutsuna Haruyoshi, mwenyekiti wa Umoja wa Wauzaji wa Visu wa hapa Sakai. Mzee wetu Negoro Tamekichi, ambaye leo tunamuaga anapouacha ubao wa kunolea. Majirani zetu, pamoja na nyinyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna vitafunio: karibuni sana karakanani.

Kicheko kililipuka, na Hamaji Fusae akashusha pumzi. Mikono yake ilizoea kushika chuma juu ya jiwe linalozunguka, si karatasi ya risala. Mezani nyuma yake kulikuwa na kisu kirefu kimefungwa kitambaa cheupe. Wanoaji wote walijua kilichochongwa ubavuni mwake, isipokuwa Mzee Negoro. Mgeni rasmi naye hakujua. Fusae alijikaza asigeuke kukitazama, akaendelea kusoma.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, kisu cha Sakai hakina mzazi mmoja. Mhunzi hukifua, sisi hukinoa, fundi mwingine hukitia mpini, nanyi wauzaji hukitia jina na kukipeleka duniani. Karakana hii ilianzishwa na baba yake Mzee Negoro. Mzee mwenyewe aliketi kwenye ubao huu, juu ya jiwe hili kubwa linalozunguka majini, akiwa kijana mwenye nywele.

"Nywele tele!" akapiga kelele Iwaki Daigo, mnoaji mwenye mdomo kuliko wote, kutoka nyuma.

"Tele kuliko akili zako," Mzee Negoro akajibu bila kugeuza shingo.

Watu wakaangua kicheko, na mgeni rasmi naye akacheka mpaka akavua miwani.

Karakana hii, mgeni rasmi, inaendeshwa na neno moja. Ukiyasugua makali ya kisu upande mmoja mpaka chuma kisiwe na pa kwenda, chuma hicho hujikunja upande wa pili, chembamba kama uzi. Jicho halikioni, ila dole gumba hukisikia. Uzi huo tunauita kaeri, yaani kurudi. Usipokuja, bado hujafika kwenye makali. Ukija nawe ukauacha, kisu kitakata vizuri leo na kesho kitamrarua samaki. Ndiyo maana tunaugeuza na kuugeuza kwenye jiwe laini, tukamalizia kwa kupitisha kisu kwenye gazeti mpaka uondoke wote. Kila aliyefundishwa na Mzee Negoro ameulizwa swali moja tangu anafungua mlango hadi anafunga: Imerudi?

"Bado, mzee!" wanoaji wote wakaitikia kwa sauti moja, maana hilo ndilo jibu ambalo Mzee alilikubali siku zote.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, wapo waliodhani leo tutaililia mashine mpya. Hapana, tunaipenda! Ina mkanda wa kunolea na gurudumu laini la kitambaa la kuondolea kaeri, na visu vya jikoni vyenye makali pande mbili vinapita hapo na kutoka vinang'aa. Migongo yetu inashukuru. Bwana Iwaki ameipa jina la Bibi Harusi na haondoki jioni kabla ya kuipangusa. Lakini kisu cha upande mmoja, kile cha kukatia samaki mbichi, bado kinataka jiwe, maji na dole gumba, na hicho tunakinoa kama walivyokinoa waliotutangulia.

Fusae akataka kugeuza ukurasa.

"Soma na ulichokifuta!" Daigo akapaza sauti. "Tumekuona ukikifuta!"

"Nyamaza wewe."

"Soma, Dada Fusae, soma!"

Uso ukamwiva. Akasoma haraka haraka kwamba mwaka huu karakana imepata mwanamke wa kwanza kuketi kwenye jiwe kubwa. Makofi yalimfurahisha kuliko alivyotegemea, naye akalazimika kuitafuta upya mistari yake.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, maji ya Januari unayajua. Ndoo ya maji ya moto tunayotumbukizia mikono tunaishukuru kuliko mshahara. Lakini changamoto yetu kubwa si baridi.

Wakati wa masika tulimpeleka Mzee Negoro kula samaki karibu na bandari. Mpishi alikuwa akikata changu mbele yetu. Mzee akaacha kutafuna. Alikitambua kile kisu kwa jinsi mwanga ulivyoteleza ubavuni mwake, kwani alikinoa yeye. Akamwambia mpishi, "Kisu chako kizuri." Mpishi akajibu kwa fahari, "Sana, mzee! Huyu bwana ni fundi kwelikweli," akamsomea jina la duka lililochongwa ubavuni. Mzee akasema, "Mpe hongera zangu," akaomba chai nyingine. Njiani tulimuuliza kwa nini hakusema. Akatujibu, "Ningemwonyesha nini?"

Fusae hakulitaja jina la duka. Lilikuwa duka la Kutsuna mwenyewe, na kila aliyekuwa mle ndani alijua. Kutsuna alikuwa ameinamisha macho kwenye kikombe chake cha chai ya shayiri. Lakini Fusae alikuwa ameshavuka katikati ya mto, akasonga mbele.

OMBI

Mgeni rasmi, tunaomba jambo moja tu. Jina la duka libaki pale lilipo. Lakini upande wa pili wa kisu ni mtupu. Tunaomba hapo liandikwe jina la aliyekinoa. Magoti ya Mzee Negoro yamekataa, na visu vyake vya mwisho viko rafuni vinasubiri kwenda kwenu. Tunaomba viondoke na jina lake. Humu ndani kaeri hurudi kila siku. Jina la mnoaji halijarudi hata mara moja.

"Nani kakutuma useme hayo?" Mzee Negoro akauliza, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Sisi, mzee."

"Sisi nani?"

"Sisi sote."

"Mwenyekiti, uwasamehe. Vijana wangu wamelewa chai."

Kutsuna akasimama taratibu. "Hakuna cha kusamehe, mzee wangu. Lakini niseme kweli. Siamui peke yangu. Hakuna duka lililowahi kununua kisu chenye jina la mnoaji. Nikilipeleka jambo hili kwa wenzangu, swali lao la kwanza litakuwa, nani alianza? Nitawajibu nini?"

Fusae akabana midomo asicheke. Akamtazama Daigo, naye Daigo akatazama dari.

"Basi, mwenyekiti, kabla hujatujibu, pokea zawadi yetu."

Akamkabidhi kile kifurushi cheupe. Mahali hapa hakuna anayepokea kisu bure, kwa kuwa kisu cha bure hukata udugu. Lazima ukilipie, hata kwa yeni tano tu, ionekane umekinunua. Kutsuna alikuwa amekuja na sarafu yake mfukoni. Akaiweka kiganjani mwa Mzee Negoro, akainama na kusema kama desturi itakavyo, "Nimenunua."

Ndipo akafungua kitambaa. Kama muuzaji yeyote, akaangalia makali kwanza, halafu ubavu, halafu akakigeuza. Akasoma. Akaitazama sarafu kiganjani mwa mzee, kisha akamtazama Fusae.

"Mmenitega."

"Ndiyo, mwenyekiti," Fusae akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya kifaranga.

Kutsuna akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Basi wakiniuliza nani alianza," akasema akikiinua kisu juu watu wote wakione, "nitawaambia ni mimi! Na vile vya rafuni mvichonge vyote!"

Karakana ikalipuka. Daigo akaikumbatia Bibi Harusi. Fusae akajikuta analia na kucheka kwa pamoja, risala imemkunjamana mkononi.

"Kuna nini? Mbona mimi siambiwi?" Mzee Negoro aliuliza. Miwani aliisahau nyumbani. "Leteni hapa nione."

Akakipakata kisu, akapitisha dole gumba ubavuni. Uso ukamkunjamana.

"Nani kachonga hapa? Pana kaeri! Zawadi ya mgeni, nanyi mmeiacha na kaeri!"

Fusae akatamani ardhi immeze. Alichonga yeye mwenyewe kwa patasi ndogo, na kwa furaha yake alisahau kulainisha. Mnoaji mzima!

"Nileteeni jiwe dogo," Mzee akaamuru. Lakini dole gumba lilikuwa bado linatembea, polepole sasa, likishuka mstari kwa mstari wa jina lake. Likafika mwisho, likasimama. Likarudi juu na kuanza tena. Kelele zikafifia.

Daigo akamsogelea. Kwa mara ya kwanza hakutania.

"Imerudi, mzee?"

Mzee Negoro hakuliondoa dole lake.

"Imerudi," akasema. "Hilo jiwe liacheni kwanza."

Fusae akafuta macho kwa aproni, akaikunjua karatasi, akasoma kilichobaki.

Mgeni rasmi, nyumba yako isikose wali wala samaki, na kila kisu utakachouza kimrudishe mteja akicheka. Ni sisi, Wanoaji wa Karakana ya Negoro, Sakai.