Bi. Lavonda Kessinger na Zoezi la Aprili

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini ya kazi, Bi. Lavonda Kessinger atarudisha funguo za ghala la mazoezi na kustaafu kutoka Idara ya Usalama wa Ndani na Usimamizi wa Maafa ya chuo chetu. Ghalani anatuachia helmeti, machela, redio za mkononi na masufuria mawili makubwa. Moja ni la kupikia damu ya bandia kwa sharubati ya mahindi na rangi nyekundu. La pili ni la chili ya wafanyakazi, yaani mchuzi wa nyama, maharagwe na pilipili. Atakayerithi ghala aulize kwanza lipi ni lipi.

Lavonda alitoka kituo cha simu za dharura cha kaunti, akaja kufundisha idara ilipokuwa changa na ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba. Hapa Oklahoma hakuna asiyemjua, wala asiyemjua mumewe, Dwayne. King'ora cha kimbunga kikilia, sisi wengine tunashuka handakini; Dwayne hutoka barazani na kikombe cha kahawa kulitazama wingu. Lavonda husema amefundisha nusu ya jimbo kujificha, na mmoja tu ndiye aliyemshinda.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuja kwake wakiwa na ndoto za kukamata magaidi. Wengine walivaa miwani myeusi darasani. Yeye aliwapeleka ukumbi wa mpira wa kikapu, akawauliza, "Haya, watu mia nane wamelala humu, nyumba zao zimepeperushwa. Watajisaidia wapi?" Kisha akaongeza, "Magaidi tutawafikia, wanangu. Tuanze na vyoo."

Lakini jina lake limejengwa na zoezi la Aprili, ambapo kimbunga cha kubuni huangukia chuo na wanafunzi huokoa majeruhi. Majeruhi ni wazee wa kujitolea kutoka makao ya wastaafu. Kila mmoja hupakwa damu na kuvikwa kadi shingoni inayosema ameumia nini. Nyota wao alikuwa Mzee Orville Tackett, aliyewahi kuendesha basi la shule. Hakukubali kamwe kuwa maiti. "Maiti hawaruhusiwi kusema," alilalamika. Mwaka mmoja alipewa kifundo kilichoteguka, akalilia mguu uliokatika na nyumbu aliyepotea.

Ndiyo maana, miaka tisa iliyopita, hakuna aliyemsadiki. Kadi yake ilisema mkono umevunjika. Yeye akasema taya linauma na kifua kinabana.

"Mzee, kadi inasema mkono," kijana mmoja alimwambia huku akimfunga utepe wa kijani, wa wanaoweza kusubiri. "Taya umelitoa wapi?"

"Mwanangu, sichezi."

"Mwaka jana pia hukucheza!"

Watu wakacheka. Lavonda, aliyekuwa akipita na kipaza sauti, naye akacheka. "Orville, punguza vituko. Tuzo tumeshampa mwingine."

Brandi Wofford, mwanafunzi wa mwaka wa pili, hakucheka. Alama zake zilikuwa mbaya kwa sababu alikawia mno kwa kila majeruhi. Siku hiyo alikawia kwa Mzee Tackett, akaona jasho linaiosha damu ya bandia usoni mwake, na chini yake ngozi imekuwa ya kijivu. Tena mzee alikuwa amenyamaza.

Akamkimbilia Lavonda. "Mama, yule mzee anaumwa kweli."

"Brandi, rudi kwa majeruhi wako. Muda unakwenda."

Wakati ule aliyeruhusiwa kusimamisha zoezi alikuwa mkurugenzi peke yake, yaani Lavonda. Brandi alimpokonya kipaza sauti. "Zoezi basi! Hili ni la kweli! Gari la wagonjwa, huku!"

Gari lilikuwa palepale, limekuja kushiriki zoezi. Mzee Tackett alifika hospitali moyo wake ukiwa bado unapiga, akafanyiwa upasuaji, akapona. Daktari alisema angechelewa kidogo tu tungemzika.

Chuo kilitaka kuanzia hapo tutumie wanasesere. Lavonda alikataa, akasema mwanasesere hawezi kumfundisha mtu kutazama uso. Kisha akakusanya darasa kuandika tathmini, kama tufanyavyo kila baada ya zoezi. Wanafunzi waliinamia karatasi, hakuna aliyethubutu kuanza. "Mliniona nikicheka," aliwaambia. "Andikeni hilo kwanza, na jina langu lote. Halafu andikeni kwamba nilimfukuza Brandi." Tathmini hiyo husomewa wanafunzi wapya kila Agosti, na msomaji ni yeye mwenyewe. Kanuni nayo ilibadilika: sasa yeyote uwanjani anaweza kusimamisha zoezi, bila kuomba ruhusa.

Brandi leo anafanya kazi katika ofisi ya maafa ya kaunti. Mzee Tackett aliishi miaka sita zaidi, akiwa mtazamaji tu, akiwakosoa waigizaji wote.

Aprili hii Lavonda aliongoza zoezi lake la mwisho. Magari ya zimamoto yalikuwa yamejipanga na helikopta imetua, pale msichana wa mwaka wa kwanza alipopaza sauti, "Zoezi basi! Hili ni la kweli!" Uwanja mzima ukasimama. Bibi mmoja alikuwa amelala juu ya machela, hajibu akiitwa. Wauguzi wakamfikia. Bibi akafumbua macho na kuuliza kama chakula tayari. Alikuwa amepitiwa na usingizi.

Msichana alitaka ardhi immeze. Mkuu wa zimamoto aliangalia saa, akanung'unika kwamba rubani ana ratiba. Lavonda alivuka uwanja wote, akampa msichana mkono mbele ya kila mtu. "Umefanya vizuri," akasema. "Na kesho ukiona hivyo, simamisha tena."

Kisha akageuka na kutuamuru wote turudi kwenye nafasi zetu, tuanze upya.

Asante, Lavonda. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya furaha pamoja na Dwayne. Uwanja tutautunza.