Mzee Sefania Shemweta, Aliyelinda Kingo za Mto

Marehemu Mzee Sefania Shemweta alizaliwa tarehe 12 Aprili 1952 katika kitongoji hiki cha Kwemtindi, Lushoto, mtoto wa tatu wa Mzee Alen. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Hakuendelea na masomo kwa kuwa baba yake alifariki, na shamba lilihitaji mtu.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na Beatha, binti wa kijiji cha Mnazi, huko tambarare. Alipotajiwa mbuzi wa mahari alisema, "Wazee wangu, shikamooni. Udongo mnaoulima, mto umeutoa kwetu milimani. Hamtupunguzii hata mbuzi mmoja?" Mkwewe alicheka sana. "Mmoja tumekusamehe. Uambie mto uendelee kuleta."

Kuanzia 1983 alisimamia mfereji unaotoa maji mtoni kwenda mashambani. Aligawa zamu bila upendeleo, wajane kwanza. Hakuruhusu mtu kukata matete ya kingoni, maana ndiyo yaliyouzuia mto usihame.

Mkewe Beatha alifariki mwaka 2011, akazikwa shamba la chini, hatua sitini kutoka majini. Marehemu alipanda mche wa isale kando ya kaburi, kuonyesha mahali pake mwenyewe.

Mwaka 2018 kabichi ilipata soko Dar es Salaam, nasi wenye mashamba tukamwondoa kwenye usimamizi. "Mzee, matete hatuli," mmoja wenu alimwambia kikaoni, na leo amekaa hapa mbele. Tukalima hadi majini. Wa kwanza kukata, kwenye kona iliyo juu ya shamba lake, nilikuwa mimi Yudith, binti yake mkubwa, ninayewasomea. Alikuja akaniambia, "Yudith, mama yako yuko hapo chini." Nikamjibu, "Baba, kaburi liko mbali."

Tarehe 2 Mei 2024 mto ulivunja ukingo kwenye kona hiyo, ukapita shambani kwake. Ulichukua mahindi, isale na kaburi la mama. Siku nne marehemu alitembea mchangani akitafuta. Hakupata hata msalaba. Mwezi uliofuata presha ilimpanda, akapooza upande wa kushoto. Nilimlisha kwa kijiko hadi mwisho. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025. Alitaka kulala kando ya mkewe. Tunamzika huku kilimani, peke yake.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Baba, pumzika. Sikukuomba msamaha ulipokuwa hai. Nauomba leo, mbele ya watu ambao nao hawajakuomba.