Dada Aliyekalia Mikono Yake

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, pamoja nanyi wa viti vya mbele mnaoifuata historia hii katika mikono ya binti yake aliyesimama hapa kando akiwafasiria kwa ishara, anayewasomea ni kaka wa marehemu, ambaye humu ataitwa kaka tu, kwa kuwa akianza kusema mimi, sauti haitafika mwisho wa karatasi. Ukoo ulimwandikia karatasi nyingine, nzuri, imepigwa chapa, ameikunja na iko mfukoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa mabehewa, na mwezi Oktoba 1964, kabla hajatamka neno la maana, aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi.

Karatasi ya ukoo inasema alichelewa kuanza shule kwa sababu za kiafya. Si kweli, alikuwa buheri wa afya, akipanda kuta na kuvunja vikombe kama watoto wengine, ila mtu mmoja aliyeonekana msomi alimwambia mama kwamba kiziwi akiachwa aongee kwa mikono hatasema kamwe, mama akalishika neno hilo, ikawa sheria ya nyumba kwamba marehemu akifika mezani akalie mikono yake, asipewe kitu mpaka akitaje kwa mdomo, na msimamizi wa sheria hiyo akawekwa kaka, aliyemzidi miaka minane. Kaka aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya kuudhi, kidole kimoja kikichomoza anakirudisha chini ya paja, na akaiona sifa. Mtoto yule alikua hivyo miaka nenda rudi bila lugha yoyote, ya mdomo hana, ya mikono kanyimwa.

Januari 1975, marehemu akiwa na miaka kumi na moja, shangazi alimchukua bila kuomba ruhusa ya mtu, akampeleka shule ya bweni ya viziwi, na huko, kama ilivyo desturi yao, alimpa kila mtu wa nyumbani jina la ishara, baba akawa nyundo, mama akawa kilemba, na kaka akawa viganja viwili vinavyokandamizwa chini ya mapaja. Ndilo jina lake hadi leo, na wa viti vya mbele wanalijua vizuri kuliko lile la cheti.

Alihitimu Novemba 1983, na tarehe 2 Aprili 1984 akaajiriwa kiwanda cha chupa, kitengo cha ukaguzi, alikokaa miaka thelathini na minne akitazama chupa zikipita kwenye mkanda mbele ya taa na kuzitoa zenye ufa, wenzake wakamwita Kamera, maana aliziona hata za mkanda wa jirani bila kugeuza shingo, na msimamizi aliyezoea kusinzia pembeni yake alikoma. Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na seremala, kiziwi mwenzake, aliyemtangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 5 Juni 1990, anayesikia, aliyeongea kwa mikono kabla ya mdomo. Kaka hakujifunza lugha hiyo. Alisema ana shughuli nyingi, na ulikuwa uvivu, na aibu ndani yake.

Julai 2014 marehemu alikubali kupigwa picha za ubongo kwenye utafiti wa hospitali, kaka akamsindikiza, na daktari akamwuliza faragha kwenye korido, huyu alipata lugha lini. Kaka akajibu, tangu utotoni, na daktari akaandika hivyo. Baada ya wiki mbili aliwaonyesha picha, akaeleza kwamba sehemu ya ubongo inayosikia kwa wengine haikulala kwa marehemu, ilikuwa imechukuliwa na macho, ndiyo maana aliona pembeni namna ile, lakini njia zinazounganisha sehemu za lugha zilikuwa nyembamba kuliko alivyotarajia, na akasema hivyo huonekana kwa waliopitisha utoto bila lugha yoyote, uziwi peke yake hauzipunguzi namna hiyo. Akasema picha na maelezo havilingani.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2022, akalazwa tarehe 3 Februari 2024, na kwa kuwa alikuwa akichomoa sindano ya dripu, wauguzi waliomba ruhusa wamfunge viganja kwa bendeji laini kwenye vyuma vya kitanda, kaka akatia saini. Alikaa naye siku mbili hivyo, akimmenyea machungwa, akishangaa mbona dada yuko kimya leo, mpaka binti alipofika kutoka safari, akazifungua bendeji bila kumsalimia mtu.

Tarehe 11 Februari, saa tisa alasiri, binti akiwa ameshuka kuchukua dawa, marehemu aliingiza viganja chini ya mapaja yake, akimwita kaka, kisha akavitoa, akasema maneno marefu kidogo, polepole, akarudia mara ya pili. Kaka hakuelewa hata moja. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa, marehemu akatabasamu, akafumba macho asiyafumbue tena, na binti aliporudi, akaambiwa mama yake amesema kitu, akauliza ni nini, kaka hakuweza hata kuigiza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawana kosa, majirani waliobeba viti, wenzake wa kiwandani, na shangazi, popote alipo. Tangu Jumatano binti wa marehemu anamfundisha kaka sentensi moja ya ishara, ataisema vibaya, mvumilieni, na karatasi anaiweka chini kwa kuwa sentensi hiyo inataka mikono yote miwili.

Dada, pumzika kwa amani.