Mama Chupa na Viumbe Wake wa Maji Baridi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mama Chupa, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1966 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, kitinda mimba wa dobi na mkunga.

Alisoma shule ya hapo mtaani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu shahada ya biolojia.

Maisha yake ya kazi yalipita katika maabara ya bwawa la maji, akifuga kwenye chupa viroboto wa maji, jamaa wa kamba wasiozidi punje ya ufuta. Alichunguza chakula kinavyowabadili. Wakishiba mwani hukua upesi na kubeba mayai tele mgongoni. Wakipungukiwa hudumaa, mayai huwa machache, lakini kila mtoto huzaliwa mkubwa kidogo, aweze kuvumilia njaa. "Mama yao kajinyima," alizoea kusema.

Tarehe 12 Desemba 1992 aliolewa na fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja. Alipokwenda kujifungua, alimwachia mumewe chupa azilishe: wa hizi washibe, wa hizi tone tu. Aliporudi, utafiti wote ulikuwa umeharibika.

"Fundi, mbona hawa wa njaa wamenona?"

"Nifanyeje, mke wangu? Walikuwa wananiangalia."

"Wakuangalie kwa jicho lao moja?"

Alicheka mpaka mshono ukamuuma. Kisha akaanza upya.

Januari 2023 alianza kushindwa kumeza. Ulikuwa uvimbe kooni. "Hatuwezi kumpasua akiwa hivi," daktari alisema. "Kwanza aongeze mwili." Fundi akafunika cherehani, akahamia jikoni: uji, maziwa, mchuzi wa kuchuja, kijiko kwa kijiko. Kila asubuhi alimsimamisha kwenye mizani, na kila asubuhi mizani ilimvunja moyo. Mwishowe fundi naye chakula kikawa hakimpiti.

Alasiri ya tarehe 9 Juni alimsogezea mkewe bakuli. Mkewe akalirudisha upande wake.

"Umekula leo?"

"Nimekula."

"Mwongo wewe. Kula nikuone."

Fundi akala, machozi yakimdondokea ndani ya uji, na mkewe akamtazama hadi bakuli likaisha. "Haya, na kesho hivyo hivyo," akasema, akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili na dada yake mkubwa.

Mungu amlaze pema, apumzike. Na ninyi majirani, mkitoka hapa kaburini, msimwache fundi aende nyumbani bila kula.