Bi Fungasha Anastaafu na Barua ya Onyo Isiyo Yake

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, fundi mkuu wa mifumo ya kompyuta wa chuo chetu anastaafu. Kwenye orodha ya watumishi ana majina matatu. Kwenye korido ana moja tu: Bi Fungasha.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wake. "Uchangamfu kidogo," aliniambia, "watu wacheke, wapige makofi." Nimejaribu. Ya kuchekesha yapo na nitayaandika. Lakini nina hasira, na kilichonitia hasira kimo ndani ya utumishi wake, kwa hiyo siwezi kukiruka kana kwamba ni dimbwi la maji njiani. Mhariri amesoma rasimu, akauliza kama nina uhakika. Nina uhakika.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa masjala. Enzi hizo jengo zima lilikuwa na kompyuta moja, na ikiharibika, fundi alikuja baada ya wiki mbili, akipenda. Siku moja Bi Fungasha alichoka kusubiri. Akafungua mfuniko kwa kisu cha kufungulia barua, akapuliza vumbi, akachomoa waya na kuurudisha, ikawaka. Mkuu wa masjala alimfokea asubuhi kwa kugusa mali ya chuo, na mchana akamletea redio yake ya nyumbani aitazame. Miaka mitatu baadaye alihamishiwa chumba cha kompyuta, na hakurudi tena masjala.

Wanaomjua wanajua hana mzaha na chai karibu na kibodi. Aliwahi kumnyang'anya naibu mkuu wa chuo kikombe chake katikati ya sentensi na kumrudishia kesho yake, kimeoshwa, kitupu. Printa alizisema kama mama mkwe amsemavyo mkwe mvivu, na zilimtii. Wageni walidhani ni mkali. Sisi tulijua kwamba akikuita "mdogo wangu" kwa sauti ya chini, hapo ndipo pa kuogopa.

Jina lake la utani lilitokana na kazi yenyewe. Programu haihami kutoka kompyuta moja hadi nyingine kama kiti. Lazima ifungashwe pamoja na kila kinachoitegemeza, na iambatane na maelekezo ya kuifungua huko iendako na ya kuiondoa ikichakaa. Ipo zana inayofanya kazi hiyo ambayo chuo chetu huitumia kila siku bila kujua. Ni zana huria: yeyote anaweza kuichukua, kuitazama ndani na kuirekebisha. Haina mwenyewe. Inatunzwa na watu wa kujitolea, waliotawanyika katika nchi nyingi, ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Bi Fungasha alianza kwa kuitumia, akaendelea kwa kuilalamikia, na mwishowe akawa mmoja wa watunzaji wake. Kwa miaka kumi na sita hakuna badiliko lililoingia bila yeye au mwenzake mmoja kulipitia.

Zana hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja, naye aliujua. Ilikuwa na majaribio machache mno. Jaribio ni kipande kifupi cha msimbo, yaani maagizo yanayoandikiwa kompyuta, kinachoiuliza zana swali lenye jibu linalojulikana: nikiondoa programu hii, je, ya jirani yake itabaki salama? Majaribio yakiwepo, kosa hukamatwa kabla halijamfikia mtu. Yasipokuwepo, mtu ndiye anayelikamata, kwa kuumia. Bi Fungasha alimwandikia mkuu wa kitengo chetu mara tatu kuomba saa mbili kwa wiki za kuandika majaribio. Mara mbili hakujibiwa. Mara ya tatu alijibiwa mbele yetu sote, kikaoni: "Hayo ni mambo ya watu wasio na kazi."

Kisha ikaja Jumanne ile, miaka mitano iliyopita.

Toleo jipya la zana lilikuwa limetoka, na sisi tulikuwa wa kwanza kulipakia. Ndani yake mlikuwa na badiliko dogo la kuharakisha uondoaji wa programu zilizochakaa. Badiliko hilo lilikuwa likifuta folda na kila kilichomo, na likikuta njia ya mkato inayoelekea mahali pengine, lilikuwa likiifuata na kufuta na huko. Kwenye kompyuta za maktaba yetu njia hiyo ilielekea kwenye ghala la sauti la wasomaji wasioona: vitabu vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea, sura kwa sura, kwa miaka sita.

Mwanafunzi wa sheria, dada asiyeona aliyekuwa na mtihani baada ya siku tisa, alivaa vipokea sauti vyake saa tatu asubuhi. Akavivua. Akavivaa tena. Akauliza chumba kizima, kwa upole, "Jamani, sauti zimekwenda wapi?"

Nakala ya akiba ilikuwepo, ila ya miezi saba nyuma. Diski ya akiba ilikuwa imeazimwa na ofisi ya mkuu wa kitengo kuhifadhia video za mahafali. Kabla ya saa sita mchana malalamiko yalianza kuingia kutoka nchi nyingine. Mwenye duka la vitabu amepoteza picha zake zote. Zahanati imepoteza ratiba ya chanjo.

Mchana tuliitwa. Mkuu wa kitengo alikuwa ameuchapisha mstari wenye kosa kwa herufi kubwa na kuubandika ubaoni. "Nani ameandika hiki?"

Aliyeuandika nilikuwa mimi, fundi mgeni aliyekuwa akijifunza zana hiyo kwa Bi Fungasha.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, bado kwenye muda wa majaribio ya ajira, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nilitazama viatu vyangu. Bi Fungasha alinitazama mara moja tu, halafu akasimama.

"Mimi ndiye niliyeupitisha," alisema. "Niliupitia kwa macho. Nilikuomba saa mbili kwa wiki ili tusitegemee macho."

"Sijauliza nani ameupitisha."

"Na mimi nimekujibu."

Alipewa barua ya onyo kali. Akatolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Akahamishiwa chumba namba tisa, stoo ya viti vibovu yenye dirisha moja lisilofunguka. Nilikwenda kumsaidia kubeba mashine. Nilifungua mdomo niseme, akaninyamazisha kwa kiganja. "Mdogo wangu, wakikufukuza wewe, nitabaki na nani wa kurekebisha? Kaa kimya ufanye kazi." Nilikaa kimya. Nilifurahi kuambiwa nikae kimya, na furaha ile ndiyo inayonichoma hadi leo.

Siku tisa zile yeye na mdogo wake, fundi cherehani, walikuwa wakimsomea yule mwanafunzi sura zilizopotea, kwa zamu, kwenye benchi nje ya maktaba. Fundi cherehani alikuwa akisoma sheria ya mikataba kama barua ya mapenzi, na mwanafunzi alikuwa akicheka mpaka anamwomba arudie. Alifaulu. Leo ni wakili.

Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani, Bi Fungasha aliwaandikia watunzaji wote wa zana ujumbe ambao ninao mpaka sasa: "Tumefuta sauti za watu wasioona. Sitaki pole. Nataka majaribio. Nani ana Jumamosi?"

Kumi na tisa walijibu. Wanne waliweza kufika chumba namba tisa kwa miguu yao: mfamasia, mwalimu wa hisabati, fundi redio, na huyo mdogo wake, aliyejibu bila kuandikiwa, ambaye hakujua msimbo hata kidogo na alikuja, kwa maneno yake, "kuhakikisha dada anakula." Wengine walikuwa kwenye mtandao. Mmoja alikuwa muuguzi aliyekuwa akiandika wakati wa mapumziko ya zamu. Mwingine tulimwita Babu Nukta, mzee asiyepitisha kazi ya mtu yeyote ikiwa na nukta iliyokaa vibaya. Tulifagia, tukapanga viti vibovu vinavyoweza kukalika, na fundi redio akavuta waya wa umeme kutoka korido.

Jaribio la kwanza aliniamuru niandike mimi, la kosa langu mwenyewe. Niliandika, nikaliendesha dhidi ya msimbo ule mbovu, likapita. Nikatabasamu.

"Unacheka nini?" aliuliza.

"Limepita, Bi."

"Msimbo ni mbovu, na jaribio lako linasema mzima. Sasa limejaribu nini?" Akalifuta. La pili akalifuta. La tatu lilipoendeshwa, mstari mwekundu ukatokea: folda ya jirani imefutwa. Alivuta kiti akakaa. "Haya. Sasa rekebisha." Babu Nukta alinirudishia jaribio hilo mara nne zaidi, kwa ajili ya nukta.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, na watu waligombana. Mwalimu wa hisabati alitaka kila hali iwezekanayo ijaribiwe. Mfamasia alisema tutazeeka hapa. Fundi cherehani, aliyekuwa akitusomea maelekezo kwa sauti huku tukiandika, alituuliza mchana mmoja, "Na kama jina la folda ni maneno mawili? Kuna nafasi katikati hapo." Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuliuliza. Tukajaribu. Zana ikaanguka kifudifudi. Kosa hilo lilikuwa na umri wa miaka minane, na aliyelikamata ni mtu wa sindano na uzi.

Ndani ya miezi kumi na minne majaribio yalifika elfu mbili mia tatu na sita. Toleo lililofuata halikumfutia mtu hata faili moja.

Hapo ndipo mkuu wa kitengo alipokwenda kwenye mkutano wa wataalamu, akaonyesha mchoro wa majaribio yakipanda, akauita mkakati wa kitengo. Alirudi na cheti. Kipo kwenye fremu, mlango mkuu, mkono wa kulia. Mnakipita kila asubuhi.

Bi Fungasha hakuwahi kupaza sauti kwa ajili yake mwenyewe. Siku hiyo tulimsikia kutoka ghorofa ya pili. "Andika majina yao! Langu liache. Yao andika!" Akajibiwa kwamba nafasi haipo. Akachapa majina kumi na tisa, akayabandika kwa gundi chini ya fremu. Yakabanduliwa. Akayabandika tena. Walibandua mara tano, na mara ya tano walipaka rangi ukuta. Rangi ile haifanani na ya zamani. Tazameni mtakapopita.

Sasa nifike mwezi uliopita. Kazi ya kupakia matoleo nimekabidhiwa mimi. Wageni wa ngazi ya juu walikuwa wanasubiri kuonyeshwa mfumo mpya, na majaribio huchukua dakika arobaini. Mkuu wa kitengo alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Yazime, tupakie."

"Kuna moja limekuwa jekundu, mzee."

"Moja kati ya elfu mbili?"

"Ni la ratiba za mitihani. Tukipakia, zinafutika."

"Unajua unazungumza na nani?"

Nilisimama. "Najua. Na mstari ule uliofuta sauti za maktaba niliuandika mimi. Si yeye. Barua ile ilikuwa yangu."

Wageni walisubiri mpaka kesho yake. Mimi nina barua ya onyo sasa, na naistahili. Siku hiyohiyo niliandika masjala kuomba barua ya Bi Fungasha iondolewe kwenye jalada lake kabla hajastaafu, nikaambatanisha maelezo yangu yenye sahihi. Nimejibiwa kwamba suala hilo lilishafungwa. Nimeandika tena. Nimejibiwa kwamba suala hilo lilishafungwa. Mwanamke aliyetukinga anaondoka Ijumaa akiwa na onyo kali, na sisi tumeagiza keki.

Nilikwenda chumba namba tisa kumweleza nilichosema. Nilitarajia shukrani, nadhani. Aliendelea kukunja nyaya.

"Umechelewa miaka mitano," alisema.

"Ni kweli, Bi."

"Nilikuambia ukae kimya ukiwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Sikukuambia ukae kimya milele." Kisha akanipa karatasi yenye majaribio kumi na moja ambayo bado hayajaandikwa, akaniambia nianze na la tatu kwa sababu ndilo gumu.

Ndugu watumishi, ukumbini siku ya Ijumaa kutakuwa na hotuba. Mkuu wa kitengo atasema kwamba tulikuwa familia. Kabla ya kupiga makofi, nawaomba kila mmoja apite masjala atie sahihi ombi la tatu la kuondolewa kwa barua ile. Liko juu ya kaunta, na kalamu nimeifunga kwa uzi. Mpaka naandika haya lina sahihi sita.

Bi Fungasha, asante kwa macho yako, kwa benchi la nje ya maktaba, kwa kila jaribio ulilolifuta ili tuandike la kweli. Unastaafu kwetu tu. Wenzako wa Jumamosi wamesema hawajapokea barua yoyote ya kuacha kwako, na hawataipokea. Tunakutakia afya njema, mgongo usiouma, na asubuhi ndefu na mdogo wako. Na tunakuomba usitusamehe haraka.